Tonge la Sultani Ghalibu

Katika mji wa Nurabadi, zamani ambazo hata wazee wa wazee wetu walisimuliwa tu, alitawala Sultani Ghalibu bin Shadhili, na hazina zake zilijaa, na majeshi yake yalimtii, na bustani yake haikuwa na mfano, maana kila masika yalipokwisha ilichanua kwa siku kumi, na milangilangi ikanukia hadi sokoni, na vilua vikafunguka, na watu wakaenda na mikeka yao na vyakula vyao, wakakaa chini kuwatazama mbega na hondohondo na paa wadogo wanaochungulia vichakani. Mji mzima ulikwenda, isipokuwa mwenye bustani.

Yeye naye aliingia, lakini kwa desturi ya enzi ile Sultani haendi mahali ila siwa, baragumu la enzi, imetangulia, na ngoma nyuma ya siwa, na askari wakiwatoa watu. Basi kila alipofika alikuta majani yamelala palipokuwa na mikeka, na ndege wote wamekwisha kuruka. Miaka ishirini aliyatazama maua katikati ya migongo ya askari, na hakuwa na mtu wa kumwambia, "Tazama lile!" Mkiniuliza mimi, alikuwa mkiwa kuliko mfungwa, kwani mfungwa walau ana mwenzake wa kugombana naye.

Siku moja upweke ukamzidi, akaigeuza pete yake kidoleni, na akatoka jini Shamhari, aliyefungwa kuwatumikia wafalme wa nyumba ile.

"Labeka, Maulana."

"Nataka kuingia bustanini kama mtu yeyote, nisitambulike."

"Nimesikia na nimetii. Lakini uchawi huu una sharti. Kabla lango halijafungwa wakati wa magharibi, ule tonge la mtu asiyekujua. Usipokula, utabaki hivyo hadi kaburini, na pete haitakusaidia."

Sultani akacheka. "Nimelisha maelfu, Shamhari. Nitakosa tonge moja?"

Akaingia kwa kanzu iliyochakaa na ndala, na wallahi alifurahi! Alimwona hondohondo dume akimlisha mkewe aliyejifungia ndani ya mti, akimpa tunda baada ya tunda katika kitundu chembamba, na akageuka ili amwonyeshe mtu, na hapakuwa na mtu. Kila familia ilikuwa na mazungumzo yake. Furaha yake ikapoa pale pale.

Adhuhuri vyakula vikaandaliwa. "Karibu," wakamwambia watu wa mkeka wa kwanza. "Starehe," akajibu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Huko kasrini mgeni hukataa mara mbili, na mwenyeji humsihi hadi ya tatu; basi akasimama akingoja asihiwe. Wale wakaendelea kula zao. Mkeka wa pili, karibu, starehe. Wa kumi, wa ishirini, hali ile ile, na adabu ile haikumwachia kujibu vingine, hata jua likateremka, na watu wakaanza kufunga mabakuli, na yeye jasho likamtoka.

Chini ya mlangilangi wa mwisho alikaa mwanamke peke yake, Shufaa binti Mbaruku, mshona kofia, na mbele yake wali wa nazi na kisamvu.

"Karibu," akasema bila kuinua uso.

Mlinzi akaanza kugonga upatu wa kufunga lango. Sultani akavua ndala, akakaa.

Shufaa akashtuka. "Umekaa?"

"Si umesema karibu?"

"Nimesema. Nasema kila mwaka. Hakuna anayekaa." Akacheka, na papo hapo akajifuta macho. "Sina baba wala kaka wala ami, wote walikwenda na ndui. Napika cha watu wawili, sijui kwa nini. Nawa, kaka yangu, nawa."

Akamsogezea maji, akamwuliza kama amewaona mbega wenye watoto, akamcheka alipowaita nyani. Sultani akafinyanga tonge, na mkono ukasita. Akila, siwa itarudi. Asipokula, atakuwa maskini hadi kufa, na mtu wa kumcheka atakuwa naye.

"Mbona huli?" akauliza Shufaa, na uso ukamsawijika. "Mapishi yangu mabaya?"

Hakuweza kumwacha na uso ule. Akala.

Kilemba kikarudi kichwani na johari kifuani, na askari waliokuwa wakimtafuta wakaja mbio, na siwa ikalia, na mbega wakatoweka, na Shufaa akaweka paji la uso mkekani. "Kaeni!" Sultani akapiga kelele. "Kaeni mle!" Watu walikuwa wamekwisha kusimama, vichwa chini, kimya.

Akamwambia Shufaa taratibu, "Nataka kukuoa. Si amri. Nakuuliza moyo wako."

"Maulana ameniuliza, nami sitasema uongo," akajibu. "Nikiwa mkeo, nitaingia hapa watu wakiwa wametolewa. Miaka mitano nimekaa peke yangu, Maulana. Upweke wa dhahabu siuwezi."

Sultani akaamuru Shufaa apishwe njia.

Mwaka uliofuata Jabiri, mlisha tausi wa bustani, alipeleka posa kwa Shufaa, naye akaridhia. Na sheria inasema mwanamke asiye na walii wa kumwoza, walii wake ni Sultani. Mawaziri wakamshauri amwachie kadhi, akakataa. Akampa bibi harusi nyumba na mashamba mawili na vidani vya dhahabu, na siku ya ndoa akashuka mwenyewe msikitini, akakaa goti kwa goti na Jabiri, akamshika mkono, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barazani, "Nimekuoza Shufaa binti Mbaruku."

Nanyi mnaonisikiliza, mkiambiwa karibu, kaeni, msingoje kusihiwa. Sultani Ghalibu aliishi miaka thelathini mingine, Mungu amrehemu, na hakuoa.