Jina la Binti wa Nambua

Hapo zamani, enzi sukari ya dukani ilipokuwa ikifungwa kwa gazeti, aliishi huko milimani Usangi msichana aitwaye Nambua. Baba yake alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, hivyo alilelewa na wanawake watatu.

Wa kwanza ni bibi yake, Namkunda. Hakujua kusoma. Jioni, wakimenya ndizi, alimsimulia hadithi kwa Kipare, na akifika penye utamu ananyamaza. "Malizia wewe," humwambia. Nambua alimalizia, mara nyingi vibaya, na bibi alicheka mpaka akafuta machozi.

Wa pili ni shangazi yake, Navoneiwa, aliyewahi kufundisha kisomo cha watu wazima. Sukari ikishamiminwa koponi, alilinyoosha lile gazeti pajani akamsomesha Nambua mstari kwa mstari, hata matangazo ya vifo. Hakuvumilia maneno ya ovyo. Mtoto akisema, "Nipe ile kitu," hapewi mpaka aseme ni kitu gani na anakitakia nini. Tena wakati wa kusoma hakutaka kusikia Kipare. Hilo lilimuuma bibi, maana mjukuu alianza kumjibu kwa Kiswahili.

Wa tatu ni mama yake, Nakijwa, mtu asiye na maneno mengi. Akiona binti ameinamia gazeti au anasikiliza hadithi ya bibi, alichukua ndoo mwenyewe akateremka mtoni, akirudi anakata majani ya ng'ombe. Hakumwita amsaidie.

Nambua akakua, akawa msimulizi wa hadithi redioni. Watu waliacha kazi zao kumsikiliza. Naye, peke yake mjini, alitamani sana utomvu wa ndizi vidoleni na gazeti lenye chembe za sukari.

Akaolewa, akajifungua binti. Kwao mtoto hupewa jina moja la mtu wa ukoo, na mumewe akamwachia achague. Alipokuja nyumbani kwao mlimani kupumzika baada ya uzazi, maneno yakaanza.

Bibi alisema, "Kabla hujajua herufi, ulishajua hadithi inapokata kona. Hilo hukulitoa gazetini."

Shangazi akasema, "Watoto wote wa mlima huu walisimuliwa hadithi. Mbona redioni uko wewe tu?"

Mama alikuwa akikoroga uji. Wakamtaka naye aseme.

"Mimi sikumfundisha neno," akajibu. "Nilimbebea ndoo ili awasikilize nyinyi."

Nambua akakumbuka mgongo wa mama yake ukiwa umelowa maji, na kwamba hakuwahi kumwambia ahsante. Akampakata mtoto. Bibi alikuwa mzee, huenda asimwone mtoto wa pili. Shangazi hakujaliwa kuzaa, hivyo hakuwa na mtu mwingine wa kumrithisha jina. Na mama, alimjua, asingeomba kamwe.

Wote watatu wakamtazama, naye akafungua mdomo kulitamka jina.

Haya, nanyi mliolelewa na watu: lilistahili kuwa la nani?