Kitambaa Juu ya Kompyuta

Palikuwa na mzee wa kanisa, mtu wa tai kila Jumapili, aliyekuwa na kompyuta sebuleni. Si zile za kukunja. Ya zamani: kioo mezani, sanduku lake pembeni kama debe. Mkewe akalifumia sanduku kitambaa. Mnatujua na vitambaa vyetu. Kochi lina chake, redio ina chake, jagi la maji lina chake. Hata paka angetulia dakika mbili angefumiwa. Hiki cha kompyuta kilikuwa kizito, kimepigwa wanga, kimeshuka mpaka chini pande zote, na mbele kimeandikwa kwa uzi mwekundu: MUNGU IBARIKI NYUMBA HII.

Siku hiyo binti yao, Tumsifu, alikuwa anajaza fomu ya chuo cha uuguzi kwenye mtandao. Mwisho wa kupokea ni saa sita mchana, siku hiyo hiyo. Mwaka jana alikosa nafasi, na mwaka ujao atakuwa amevuka umri wanaoupokea. Akaanza saa tatu. Alipofika ukurasa wa tatu, kioo kikaleta maneno, kisha kikazima zii. Fomu yote ikapotea.

"Umebonyeza nini?" baba akafoka.

"Sijabonyeza kitu, baba. Imeandika joto limezidi."

"Joto! Hata mimi nina joto, mbona sijazimika?"

Wakawasha upya. Ikazima. Baba akahamishia waya kwenye soketi nyingine. Ikazima. Akalizaba sanduku kofi, kama anavyoizaba redio. Ikazima. Kila mara maneno ni yale yale, kila mara Tumsifu anayasoma kwa sauti, na kila mara baba anamwambia, "Yafunge hayo maneno, endelea!" Hebu niambieni: mtu akikuambia neno moja mara tano, nawe ukamfunga mdomo mara tano, mbovu ni nani hapo?

Saa tano mzee akaamua ni shetani. Akavaa tai, akaweka mkono juu ya kitambaa akakemea mpaka tai ikalowa. Kiganja kikamwungua, akasema ni moto wa Roho.

Mama, kwa kuchoka na kelele, akaenda sokoni kumwita fundi wa redio, mwanamke mmoja asiye na maneno mengi. Fundi akagusa sanduku mara moja tu.

"Nani kaivisha mashine blanketi?"

"Blanketi?" Mama akavimba. "Hicho ni kitambaa, tena kina jina la Mungu. Hakitoki."

"Mama yangu, huku nyuma kuna matundu ya kupumulia. Umeyaziba yote. Ikikaribia kuungua inajizima isife. Kwani haikuwaambia?"

Tumsifu akatazama ukuta.

Kitambaa kikatoka. Wakaiacha ipoe, wakaiwasha, feni ikavuma kama nyuki, na haikuzima tena. Mzee akaruka: "Haleluya! Imepona!"

"Imepona, baba," Tumsifu akasema. "Ni saa sita na robo."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Na mama je? Jioni wangekuja wageni. Akakikung'uta kitambaa, akakipiga pasi, akakirudisha palepale.

Mnacheka? Chekeni, halafu mniambie nyumbani kwenu kuna nini. Sisi tunaye mtu ndani anayesema neno lilelile tangu Kwaresima: nimechoka, naungua. Nasi tunamjibu, nyamaza, wageni wanakuja. Tunamfunika kwa pambio, kwa maombi, kwa aya tuliyoifuma kwa mikono yetu wenyewe. Siku akizimika tunakemea shetani. Shetani gani? Shetani hajui hata kushika sindano.

Jina la Mungu halikuwa na kosa pale. Lilikuwa limeshonwa vizuri, hakuna uzi uliolegea. Kosa letu ni kulichukua jina hilo tukazibia pua ya mtu.

Kwa hiyo leo ukifika kwako, kabla hujapiga magoti, mfuate huyo mtu umuulize alikuwa anasema nini. Akianza kusema, usimfunge tena.

Na usiniitikie amina hapa. Nenda kafunue.