Mihayo, Mrina Asali Aliyeahidi Kila Mtu

Paukwa!

Pakawa.

Walioitika ni watoto peke yao. Nyie mliooa juzijuzi mmenyamaza, na hadithi yenyewe ni yenu. Paukwa!

Pakawa.

Basi kale hiyo, zamani zile watu na wanyama walipokuwa wakipigiana hodi na kuazimana chumvi, katika nchi ya miombo aliishi mrina asali kijana jina lake Mihayo. Alikuwa na mke, Kalunde, na binti wa miaka sita, Nshoma, na mtoto mchanga wa kiume ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa na mizinga thelathini juu ya miti, shamba la mtama kando ya kijito, na mbuzi tisa.

Mihayo hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba alipenda kumfurahisha yeyote aliyesimama mbele yake. Akikutana na Nyegere porini, humwambia, "Ndugu yangu, siku sipo, mizinga hii ni yako." Akinywa pombe ya asali kwa kaka yake Kapera, humwambia, "Kaka, siku sipo, shamba na watoto chukua wewe." Na Fisi, rafiki yake wa tangu utotoni, alimwambia, "Siku sipo, mbuzi utanitunzia." Fisi alilisikia vizuri neno "mbuzi". Neno "utanitunzia" halikumfikia.

Aliyekuwa hajaahidiwa kitu ni mkewe.

Kalunde alimwuliza akipepeta mtama, "Baba Nshoma, siku hupo, sisi tutakaa wapi?"

"Mimi bado kijana," Mihayo akajibu.

Akamwuliza tena mtoto wa pili alipozaliwa. "Baba Nshoma, siku hupo, sisi tutakaa wapi?"

"Mimi bado kijana, mama. Nipe maji."

Akamwuliza mara ya tatu asubuhi moja, mume amekwisha kutia kamba begani. Mihayo akacheka. "Nikikitaja kifo si nitakuwa nimekiita? Mimi bado kijana." Akaondoka anapiga mluzi, nyuma ya Mlembe, yule ndege anayewaonyesha watu asali.

Mlembe alimpeleka mbali, kwenye mti mrefu kuliko yote. Mihayo akapanda, akapanda, akapanda. Tawi likakatika. Alianguka chini, akalala kimya. Mlembe alimwita, hakujibu. Akaruka mbio kwenda kutoa habari.

Watu walipofika, hawakumkuta. Walikuta kamba, damu, na kiatu kimoja cha ngozi. Wakatazamana, wakasema simba amekwisha kupita. Kumbe Mihayo alikuwa amezinduka, akajikokota kutafuta maji na mguu wake umeteguka, akapotea. Alitambaa siku mbili, akila matunda ya porini na kuzungumza na mguu wake.

Siku ya tatu alifika nyuma ya ua wake. Alisikia sauti nyingi, akajua kuna watu. Moyo ukamfurahi: wananililia. Akachungulia kwenye minyaa iliyozunguka ua.

Ilikuwa siku ya kuanua tanga. Kalunde ameketi mkekani, mtoto kifuani, macho yamevimba. Nyegere alikuwa amesimama.

"Mizinga ni yangu," Nyegere alisema. "Alitamka mwenyewe, kwa kinywa chake."

Kapera akainuka. "Shamba ni langu. Alitamka mwenyewe, kwa kinywa chake."

Fisi akajifuta machozi ya jicho moja. "Na mbuzi ni wangu. Alitamka mwenyewe, kwa kinywa chake."

Mihayo alitaka kuwaita waongo. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa anasema uongo.

"Na mimi?" Kalunde akauliza.

"Wewe shemeji alikwambia nini?" Kapera akamwuliza, na hakumwuliza kwa ubaya.

Kalunde akainamisha kichwa. "Aliniambia yeye bado kijana."

Kapera akasema kwa upole kwamba, kama ni hivyo, Kalunde arudi kwa wazazi wake na mtoto mchanga mpaka amwachishe ziwa. Nshoma angebaki kwake.

Nshoma akamshika mama yake kanga. "Mama, kwa baba mkubwa na wewe utakuja?"

Kalunde akamvuta karibu naye.

Hapo Mihayo hakuweza tena kukaa. Akatokea uani kwa magoti, amejaa matope, kiatu kimoja mguuni. Watu wakatawanyika. Kalunde ndiye hakukimbia. Alimtazama, machozi yakimtiririka, akasema, "Karibu, kijana."

Fisi alirudi wa kwanza. "Nimefurahi sana," akasema, akiwatazama mbuzi.

Mihayo hakungoja hata mguu ukandwe. Aliwaita mashahidi watatu ambao hakuna walichotarajia kupata: Mlembe, Kobe, na jirani yao mmoja mwanamke mwenye kumbukumbu kali. Akaomba radhi kwa Nyegere, kwa Kapera na kwa Fisi. Halafu akasema, polepole, mashahidi wakirudia kila neno: nyumba, shamba na mbuzi ni vya Kalunde, mizinga ya kijitoni ni ya Nshoma, na ya mlimani ni ya mdogo wake. Watoto watakaa na mama yao.

"Na sisi wote wawili tukiondoka?" Kalunde akauliza.

Mihayo akamgeukia Kapera. Kalunde akamvuta mkono. "Mwulize mke wake. Yeye ndiye atakayewapikia."

Akaulizwa. Akafikiri kwanza, ndipo akakubali, na Kapera naye akakubali: watawalea, ila mizinga itabaki ya watoto. Mihayo akachonga alama ya kila mtoto kwenye mizinga yake, ili hata nyuki wajue.

Alipozaliwa mtoto wa tatu, Mihayo aliwaita tena mashahidi siku ileile, mambo yapangwe upya. Kobe alipofika, mtoto alikuwa anatambaa.

Miaka ikapita, mingi sana. Mihayo akawa mzee, akafa kitandani kwake. Fisi, naye mzee, alikuja mapema na kukaa mbele, asikose ugomvi. Siku ya kuanua tanga, mashahidi wakasema maneno yale. Kila mtu akaitikia, wakaanza kukunja mikeka.

"Ndiyo basi?" Fisi akauliza. "Hakuna anayebishana?"

"Hakuna," Kalunde akamwambia. "Kuna ugali. Karibu ule, shemeji."

Fisi akaketi. Akamega tonge, akalishika mkononi. Hakukuwa na mbuzi wa kuwapigia hesabu wala maneno ya kusikiliza, na mahali pa rafiki yake palikuwa wazi. Ndipo Fisi akalia, na safari hii machozi yalitoka macho yote mawili.

Yangu imekomea hapo. Mliooa juzijuzi, nendeni mkazungumze.