Kindi Aliyekimbia Kabla ya "Ila"

— Niingie?
— Ingia!
— Niingie na nini?
— Na ngano!

Basi nisogezeeni mahali. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakilima na kuvuna kama sisi, alikuwako Kindi mmoja, msichana mwenye mkia mkubwa na miguu isiyotulia. Alitamani jambo moja tu: kuwa mtambaji wa ngano.

Desturi yao ilikuwa hivi. Siku ya kupukuchua mahindi wote hukusanyika uwanjani, na jua likianza kuzama mtambaji hukalia kigoda. Mwaka ule kigoda kilikuwa wazi. Kasuku alikitaka, lakini ngano zake zilikuwa zilezile, hata watoto walizimalizia kabla yake. Kindi akaruka mbele ya watu: "Nipeni mimi! Nitaleta ngano mpya."

"Vyema," wakasema. "Ukishindwa, kigoda ni cha Kasuku, wala usituombe tena."

Siku ikafika. Kindi akaamka kichwa kitupu. Ngano hana, kipande cha ngano hana. Akatoka mbio kutafuta.

Akamkuta Kanga mlangoni kwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hapa?"

"Njema, ila mkeka wangu..."

"Njema ndiyo tunayoitaka, shangazi! Nina haraka, natafuta ngano." Huyo, kashaondoka.

Akamkuta Kenge shambani.

"Shikamoo, ami. Habari za shamba?"

"Marahaba. Njema, ila mgomba wangu..."

"Njema ndiyo tunayoitaka, ami! Nina haraka, natafuta ngano." Huyo, kashaondoka.

Jamani! Nani kati yenu hajui kwamba "njema" yetu ni adabu tu? Mtu ana mgonjwa ndani, atasema njema. Paa limeezuliwa, atasema njema. Habari yenyewe huja baada ya "ila." Kindi alilijua hilo tangu utotoni, lakini haraka ilimziba masikio.

Akafika kwa Nungunungu.

"Hujambo, dada? Habari za nyumbani?"

"Sijambo. Njema, ila mtoto..."

Kindi akageuka aondoke. Mvua hiyo! Ikamwagika mpaka njia haionekani. Akarudi kibarazani, akajikunyata, machozi yakimlenga. Kwa kukosa la kufanya, akauliza: "Ila mtoto amefanyaje?"

Nungunungu akaketi. "Alishikwa na homa, akalia abebwe mgongoni. Na mgongo wangu ndio huu, unauona. Nikatandika majani, miiba ikapenya. Nikatandika mkeka, miiba ikapenya. Nikajifunga maganda mabichi ya mgomba, yakazuia. Nikambeba mpaka homa ikashuka. Sasa anacheza."

"Mkeka wa nani, dada? Na mgomba wa nani?"

Nungunungu akainamisha kichwa. "Nilichukua bila kuomba. Nani angemwazima mkeka mwenye mgongo kama huu? Tangu siku hiyo naona aibu, hata njia ile sipiti."

Kindi akashtuka. Kumbe ngano alikuwa ameiacha njiani, vipande viwili!

"Dada, niruhusu niitambe. Jina lako sitalitaja."

Nungunungu akafikiri, akakubali.

Mvua ilipokatika Kindi akarudi mbio. "Shangazi, ila mkeka wako umefanyaje?" Kanga akasema umetobolewa kote, na anashuku kucha za Kenge. "Ami, ila mgomba wako umefanyaje?" Kenge akasema umechunwa, na anashuku kucha za Kanga. Majirani wale walikuwa hawasalimiani tena.

Jioni Kindi akakalia kigoda, akaanza. "Alikuwako mama mmoja, alizaliwa na mgongo wa moto..." Mikono ya wapukuchuaji ikasimama. Majani yakaungua, mkeka wa watu ukaungua, maganda mabichi ya mgomba wa watu yakahimili. Mtoto akapona, lakini mama akabaki kujificha kwa aibu.

Kanga akafuta macho. "Maskini! Angekuja kwangu, ningempa mkeka, na uji ningempikia mtoto."

"Nami ningemkatia mgomba mzima," akasema Kenge.

Nungunungu akainuka kule nyuma, miiba yote ikitetemeka. "Ni mimi. Mkeka ni wako, shangazi. Mgomba ni wako, ami. Nisameheni."

Kanga akamtazama Kenge, Kenge akamtazama Kanga, wakaangua kicheko mpaka magunzi yakamwagika. Hata Kasuku akapiga kelele, "Tena! Tena!" Kindi akajiweka sawa juu ya kigoda chake.

"Haya, mwanangu," Kanga akamuuliza Nungunungu, "habari za nyumbani?"

"Njema," akajibu, na safari hii hakuongeza kitu.

Ngano hii inatufunza hivi: wewe unayetaka kutunga, usipite mbio ukiuliza hadithi iko wapi. Salimia, kisha keti uingoje "ila" ya mwenzako. Na ukishapewa, itunze kama siri ya ndugu.

Ngano nimeitua hapa. Ikiwa tamu, igawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niimeze mwenyewe.