Maikrofoni Mbili, Shimo Moja

Fundi wa sauti alikaza skrubu ya stendi, akaielekeza maikrofoni ya kupimia kwenye spika, kisha akabonyeza kompyuta. Mvumo kama wa mvua juu ya mabati ukajaa ukumbini, na mstari ukajichora kwenye skrini. Pale besi inapokutana na sauti za kati, mstari ukatumbukia kama barabara iliyoliwa na maji; hapo sauti ilikuwa inapotea.

Shimo lile lile la asubuhi! Fundi akahisi uso wake unawaka moto.

Maikrofoni hii ya bei mbaya aliiazima kwa fundi mwenzake kwa kubembeleza. Asubuhi alikuwa amepima kwa ile ya bei nafuu, nyembamba kama penseli, aliyoinunua mdogo wake wa kike, mshirika wake kazini. Binti hakukurupuka. Aliomba kuzijaribu kadhaa dukani, akazipima moja moja mbele ya spika ile ile, akachagua ambayo majibu yake hayakuyumba. Lakini kaka mtu alipoliona shimo, hakuuliza.

"Nimekutuma maikrofoni, umeniletea kijiti cha meno!" alifoka mbele ya wapiga muziki, nao wakaangua kicheko.

"Kaka, nimeijaribu mwenyewe."

"Umejaribu nini? Kuanzia leo wewe kunja nyaya tu. Kupima waachie wenye masikio."

Binti aliokota mkoba wake, akatoka. Tangu hapo alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, mkoba wake mapajani.

Sasa msimamizi wa ukumbi, aliyekuwapo asubuhi, alichungulia skrini. "Enhe, fundi! Na hiki nacho kijiti?"

Fundi alisogeza stendi mbele, akairudisha nyuma, shimo halikubanduka. Mwishowe akaenda nyuma ya spika ya besi, akafungua plagi aliyoiunga nyaya mwenyewe juzi kwa chuma cha kuchomea, huku akipiga soga. Waya mwekundu ulikaa mahali pa mweusi. Spika za juu ziliposukuma hewa, besi ilivuta. Sauti zikauana zenyewe kwa zenyewe. Maikrofoni ya mdogo wake ilikuwa imesema kweli tangu asubuhi.

Alitoka nje, miguu mizito kama ya mtu anayepelekwa barazani kuhukumiwa.

"Mdogo wangu, kosa ni langu. Niligeuza waya."

Binti hakuinua macho. "Na maikrofoni?"

"Haina neno. Mimi ndiye mwenye neno. Nisamehe."

"Kunisema ulinisema mbele za watu, kaka. Kuniomba radhi unakuja kuninong'oneza ngazini?"

Fundi alitazama chini. Ingekuwa heri dunia ipasuke immeze. "Wapiga muziki wameshaondoka."

"Kesho si wanarudi?"

"Wanarudi."

"Basi na mimi nitarudi kesho, nikusikie. Nisiposikia, tafuta mshirika mwingine."

Fundi alirudi ndani. Chuma cha kuchomea, alichokiwasha kabla ya kutoka, kilikuwa tayari kimepata moto, na kuificha aibu yake kungechukua dakika chache tu. Akakichomoa kwenye umeme. Aliiacha plagi wazi, nyaya zikining'inia, ili kesho aichomee mbele ya wote waliocheka na kuwaambia ni mkono wa nani ulioigeuza. Kisha akazima taa, huku akijua sasa kwa nini wahenga walisema mchagua jembe si mkulima: jembe lilikuwa zima, mkono wake ndio uliokosea.