Begi la Chini ya Kiti

Bwana asifiwe, ila msiitikie kwa nguvu sana, watoto wamelala kule nyuma. Nimepewa nafasi kidogo kabla ya chai, na mfano wangu ni mfupi. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu.

Alikuwepo mama mmoja, mwenzetu kabisa, mtu wa Tukuyu, aliyehamia mji mmoja wa Uingereza kama huu wetu. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuwanyanyua, kuwaogesha, kuwalisha, kubadilisha mashuka, kuitika anapoitwa kwa majina ya mabinti zao. Akitoka huko anakuta sinki limejaa vyombo, mume yuko zamu yake, watoto wana njaa. Miguu ilimvimba mpaka akawa anavaa viatu vya mumewe. Tangu afike nchi ile, miaka minane, hakuwahi kupumzika. Nasema hakuwahi.

Mtaniuliza, likizo je? Likizo alipewa. Lakini likizo yetu mnaijua. Likizo yetu ni kwenda nyumbani. Masanduku mawili yamejaa mpaka zipu inalia, na ndani hamna nguo yake hata moja: viatu vya shemeji, simu ya mpwa, dawa ya presha ya mama mkwe, sufuria ya mke wa mchungaji. Akifika analala sebuleni kwenye godoro, kwa sababu vyumba vimejaa wageni, na wageni wenyewe wamekuja kumwona yeye. Asubuhi anaamka kabla yao kuwapikia chai. Akirudi Uingereza, msimamizi wake anamwuliza, "Umepumzika?" Naye anajibu, "Sana." Si ndivyo tunavyojibu?

Sasa siku moja, mwezi wa pili, yuko kazini, anangoja birika lichemke huku anaperuzi simu. Akaona tiketi ya ndege ya kwenda Seville, Hispania, mwezi wa tatu, kwenda na kurudi, kwa bei iliyo chini ya viatu vya shule vya kijana wake. Akadhani macho yamechoka. Akafuta kioo cha simu kwa aproni. Bei ikabaki ile ile. Birika likachemka, likajizima, chai hakunywa.

Msidhani alikata tiketi kwa pupa. Huyu ni mama anayejua mfuko wa viazi utaisha lini. Alikaa akapanga. Kwenda Jumanne na kurudi Ijumaa, maana mwisho wa juma ndege zinapanda bei. Kabla ya juma la Pasaka, maana juma lile mji ule unafurika maandamano ya kanisa na kitanda kinauzwa kama kiwanja. Hoteli hapana, atachukua kitanda kwenye bweni la wanawake, tena cha chini, kwa ajili ya miguu. Kutoka uwanja wa ndege atapanda basi, teksi waachiwe wenye hela. Chakula kikubwa atakula mchana, kwa sababu migahawa ya kule huuza mlo wa mchana kwa bei moja, supu na nyama na mkate ndani yake. Jioni atakula mkate na nyanya za dukani. Mahali pa kulipia kiingilio hakupanga hata pamoja. Mto ni wa bure, bustani ni ya bure, benchi ni la bure, na yeye alitaka benchi. Pasi ya Uingereza alikuwa nayo, kwa hiyo viza haikumhusu. Zamu alibadilishana na mwenzake mmoja Mfilipino, akaahidi kumfanyia ya Krismasi. Mumewe akasema, "Nenda. Watoto watakula wali na mayai, hawatakufa."

Tiketi ile ilikuwa na sharti moja. Begi ni moja, dogo, linaloingia chini ya kiti cha mbele yako. Ukizidisha unalipia, na hayo malipo yanazidi tiketi yenyewe. Akachukua utepe wa kupimia nguo, akapima begi la shule la binti yake, Tumpale. Likatosha.

Kosa lake lilikuwa moja: alisema.

Alisema Jumapili, jikoni kwa kanisa, wakiosha vikombe baada ya ibada. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa pembeni anafuta sahani.

"Hispania?" wifi akauliza. "Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Una ndugu kule?"

"Sina."

"Basi ni semina ya kazini."

"Si semina, wifi."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa!" Wifi akawageukia wenzake na kitambaa mkononi. "Jamani, mmesikia? Mtu anapanda ndege kwenda kukaa! Kwani hapa viti vimekwisha?"

Jiko zima likacheka. Naye akacheka, akaendelea kuosha vikombe. Lakini kicheko kilipokwisha maombi yakaanza. Mmoja ana binamu yake Madrid, "si hapo hapo Hispania?", basi ampelekee unga. Mwingine anataka pochi ya ngozi, ya rangi ya kahawia, isiwe na mnyororo. Mwalimu wa kwaya anataka vitambaa vya sare. Kila mmoja alipewa jibu lile lile: "Begi ni moja, linakaa chini ya kiti." Na kila mmoja akanuna kwa namna yake.

Mzee wa kanisa akamvuta kando, akasema kwa ule upole wetu wa kanisani, "Mama Tumpale, hili jambo umeliombea?"

"Nimeliombea miaka minane, mzee. Nikadhani tiketi ndiyo jibu."

"Lakini huoni kama ni kujipendelea?"

"Naona, mzee. Ijumaa nitaacha."

Jumatatu jioni wifi akabisha hodi. Mkononi ana kifurushi kimeviringishwa gazeti, kikaviringishwa nailoni, kikafungwa kwa kipande cha kanga. Dagaa wa Nyasa.

"Kuna mtoto wa rafiki yangu anasoma huko huko Seville. Nimeshamwambia unamletea."

"Wifi, nilisema sibebi."

"Kilo mbili tu! Dagaa naye ana uzito?"

"Begi limejaa."

"Limejaa nini? Si unakwenda kukaa? Kukaa nako kunafungwa kwenye begi?" Akakitua kifurushi mezani. "Mimi sikulazimishi. Nakiacha hapa. Utaamua wewe na Mungu wako."

Akaondoka zake. Hayo maneno mnayajua, nanyi mmeyatumia. Mtu akishakuambia hakulazimishi, ujue amemaliza kukulazimisha.

Kesho yake asubuhi, uwanja wa ndege. Pale mlango wa kuingilia ndegeni kuna kizimba cha chuma, ndicho kipimo. Begi lisipoingia humo, halipandi bure. Mama akaingiza begi lake. Likagoma. Akalisukuma kwa kiganja, akalisukuma kwa goti. Foleni nyuma yake ikaanza kupumua kwa nguvu. Binti wa shirika la ndege akamwambia, "Ulipie, au upunguze."

Akachuchumaa, akafungua zipu. Juu kabisa, kimekaa kama mwenye nyumba, kile kifurushi.

Nani alikiweka? Wifi hakurudi. Mume alikuwa kazini. Watoto walikuwa wamelala. Jamani, alikiweka mwenyewe! Alfajiri ile, kwa mikono yake miwili, bila hata kufikiri, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Na ili kiingie, alikuwa ametoa ndala zake na sweta lake, akaviacha juu ya kitanda. Mdomo wake ulikuwa umekataa mbele ya kanisa zima. Mikono haikupata habari.

Alijua kawaida yake. Kawaida yake ni kulipa. Angelipa kwa hela ya mkate na supu, halafu azunguke Seville na njaa yake akimtafuta mwanafunzi asiyemjua, amkabidhi dagaa, apige picha ya ushahidi, amtumie wifi. Arudi Ijumaa. Aulizwe, "Umepumzika?" Ajibu, "Sana."

Harufu ikapanda. Kijana aliyekuwa nyuma yake akajisogeza. Mama akasimama na kifurushi, akakiendea pipa la taka, akakitumbukiza. Kikalia pu. Akarudi, akalitia begi kwenye kizimba. Likaingia bila kusukumwa.

Haya, naona mmeguna. Hata wewe kule mwisho, nimekusikia. Sawa, guneni, nitawarudia.

Akafika Seville. Sasa mnangoja adhabu, nawajua. Mnangoja aibiwe pochi. Mnangoja simu ilie kwamba nyumbani kuna mgonjwa, arudi analia na kutubu. Hakuibiwa. Hakuna aliyeugua. Alipanda basi, akapata kitanda chake cha chini, akalala mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya tangu alipojifungua kijana wake wa mwisho. Alipoamka akaenda kwenye uwanja mmoja mkubwa wenye mabenchi ya vigae, akakaa. Alivua viatu vya mumewe. Ndala alizozitoa kwa ajili ya dagaa alizikosa hapo, akakanyaga chini pekupeku. Michungwa imepangwa barabarani kama minazi ya kule pwani. Akaokota chungwa moja lililoanguka, akalimenya, akang'ata. Chungu kama shubiri! Akalitema, akacheka peke yake, na hakuna aliyemwuliza anacheka nini. Kivuli kilipohama, akahama nacho. Ndiyo habari yote ya Hispania. Alikwenda kukaa, akakaa.

Ijumaa akarudi, akamkuta wifi sebuleni anamngoja.

"Mzigo ulifika?"

"Haukufika. Niliutupa uwanja wa ndege."

"Umetupa dagaa?" Wifi akasimama. "Dagaa wametoka Kyela, wamekaushwa, wamepita mikono ya watu, wewe unatupa?"

"Ningewalipia kwa chakula changu chote, wifi."

"Si ungelipa! Si ungevumilia! Kwani wewe ni nani? Wote tunavumilia!" Na wifi akaanza kulia, kilio cha hasira, cha kupiga paja.

Mama akataka kumjibu vibaya. Jibu alikuwa nalo, alilitunza tangu Jumapili. Ila macho yakamshuka, akaona miguu ya wifi yake. Imeumuka juu ya viatu kama unga wa maandazi.

"Wifi," akasema, "wewe umepumzika lini?"

Wifi akafungua mdomo ajibu. Akatafuta mwaka. Hakuupata.

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa niwarudie kama nilivyoahidi.

Nilipowaambia kwamba mwenzenu hakupumzika miaka minane, mlinyamaza. Nikawaambia miguu imevimba mpaka anavaa viatu vya mwanamume, mkanyamaza. Mmoja wenu aliangalia simu. Analala sakafuni nyumbani kwao, mkatabasamu, kwa sababu mnaijua hiyo. Lakini dagaa walipoingia kwenye pipa, ukumbi mzima uliguna! Niambieni, sisi ni watu gani? Kilo mbili za dagaa zimepata waombolezaji, mwanamke mzima hakupata hata mmoja.

Na tusimsingizie wifi. Kifurushi kile tulikifunga sote. Mtu akituambia anakwenda kupumzika, tunamwuliza nani amekufa. Akisema hakuna, tunampa mzigo, ili asiende bure. Mzigo wetu wenyewe umetuelemea, na badala ya kuutua tunatafuta nani hajabebeshwa. Halafu tunaliita hilo upendo, tunalifunga kwa sala. Mungu alipomaliza kuumba alipumzika, na hakuna mzee wa kanisa aliyemwuliza kama ameliombea.

Mimi sisemi twende Hispania. Wengine benchi lao liko hapo nje kwenye kituo cha basi. Nasema tuache kuulizana ruhusa ya kukaa. Na wewe mwenye mikono inayojifungia mizigo yenyewe alfajiri, itazame mikono yako kabla hujafika mlangoni. Ndala zako ziingie kwanza.

Yule mama ameshakata tiketi nyingine, ya mwezi wa kumi. Safari hii ni mbili, moja ni ya wifi yake. Mabegi ni yale yale ya chini ya kiti. Msiwapelekee kitu.

Chai iko tayari. Vikombe leo waoshe akina baba.