Pipa la Chama cha Undugu

Msinitajie wajanja wa kwenu kama hamjamsikia Sengondo, mwenyekiti wa chama cha Undugu pale chuoni. Mlezi wa wanafunzi, Mwalimu Ndomba, alikuta pipa lenye povu limeziba mlango wa dharura wa bweni lao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Pombe bwenini? Chama nakifuta, na wewe unafukuzwa!"

"Hiyo togwa, Mwalimu. Onja."

"Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe!"

"Basi lifungie ofisini kwako mpaka kikao cha nidhamu, nisije nikalimwaga."

Ndomba akamwona mjinga, akalifungia.

Wiki iliyofuata wajumbe wa kamati ya nidhamu wakakutana ofisini humo, wakiingia ubavu ubavu kwa kulipisha pipa. Mkuu wa chuo akaonja, akakunja uso.

"Hii pombe kabisa!"

"Kweli, Mkuu," Sengondo akasema. "Togwa ikilala wiki nzima, huwa pombe. Siku ile aliionja nani?"

Wajumbe wote wakamgeukia Ndomba.

"Basi mimi nilikamatwa na togwa. Pombe imeivia kwa Mwalimu, tena imeziba mlango."

Chama kikapona. Ndomba akaamriwa aliondoe pipa lake mara moja, na Sengondo, kijana mwenye adabu, akamsaidia kulibeba. Jioni wana Undugu wakalimaliza, huku wakilalamika kwamba siku ya kukamatwa pombe hiyo ilikuwa kali zaidi.